Fleti mpya za miji midogo: Kwa nini bei hupita thamani

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu humjia akilini yeyote anayesafiri siku hizi kutoka jijini Nairobi kuelekea miji midogo inayolizunguka jiji hilo. Kando ya barabara mabango makubwa yanashindana kumwita mpita njia anunue fleti mpya kabla ya bei kupanda, na vijana waliovaa fulana za kampuni za nyumba humkabidhi karatasi zenye picha za kupendeza.

Nyumba ni ununuzi mkubwa kuliko wote ambao Mkenya wa kawaida hufanya maishani, nao wengi huufanya mara moja tu. Akikosea bei ya gari, hasara itasahaulika baada ya miaka michache. Akikosea bei ya nyumba, huenda akaibeba hasara hiyo hadi uzeeni. Makala haya yanaeleza jinsi bei ya fleti mpya katika mji mdogo inavyopangwa, sababu zinazoifanya ipite thamani yake, na njia za kuipima kabla ya kutia sahihi.

MFANO WA RUAKA

Mji mdogo wa Ruaka, katika Kaunti ya Kiambu, ni kielelezo kizuri. Uko kando ya barabara ya Limuru, hatua chache kutoka mitaa ya kifahari ya Runda na Rosslyn, na si mbali na Gigiri yaliko makao ya Umoja wa Mataifa. Zamani Ruaka ilikuwa kituo kidogo cha biashara kilichozungukwa na mashamba ya familia. Leo majengo ya ghorofa yamebanana kiasi kwamba jirani anaweza kusikia redio ya jirani kupitia dirishani.

Kilichobadilisha mambo ni barabara. Northern Bypass iliiunganisha Ruaka na upande wa Ruiru. Mnamo Februari 2017 jumba kubwa la maduka la Two Rivers lilifunguliwa karibu na hapo, na mwaka wa 2022 barabara ya Western Bypass, yenye urefu wa takriban kilomita 17 kutoka Gitaru hadi Ruaka, ikaanza kutumika.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 1,623,282 katika Kiambu. Kufikia sensa ya 2019 idadi hiyo ilikuwa 2,417,735, na Kiambu ikawa ya pili kwa wingi wa watu nchini baada ya Nairobi. Hali kama hiyo imeonekana Ruiru, Juja na Thika tangu barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa rasmi mwaka wa 2012.

BEI HUPANGWAJE?

Wengi hudhani kuwa bei ya fleti ni gharama ya mawe, saruji na vyuma pamoja na faida ya mjenzi. Ukweli ni kwamba ujenzi wenyewe ni sehemu moja tu ya hesabu.

Kwanza kuna ardhi. Barabara inapotangazwa, bei ya shamba hupanda hata kabla ya tingatinga kufika. Mwenye kampuni ya ujenzi hununua ekari kwa bei inayotazamia manufaa ya miaka ijayo, kisha humtoza mnunuzi wa fleti manufaa hayo kana kwamba yamekwisha kufika.

Pili, kuna huduma ambazo serikali haijazifikisha. Katika miji mingi midogo maji ya mfereji hayatoshi na mabomba ya majitaka hayajafika kila mtaa. Mjenzi hulazimika kuchimba kisima, kuweka matangi na jenereta, kujenga mfumo wa kusafisha majitaka, na wakati mwingine hata kutengeneza barabara ya kuingilia. Gharama hizi zote hugawanywa kwa wanunuzi. Kwa maneno mengine, mkazi wa mji mdogo hununua nyumba na kujinunulia pia huduma ambazo jirani yake wa jijini alizikuta zikiwepo.

Tatu, kuna riba. Mjenzi akikopa kwenye benki, kila mwezi mradi unapochelewa deni lake hukua. Aliyepanga kumaliza kwa miezi 18 akamaliza kwa miaka minne hawezi kuuza kwa bei aliyoikusudia mwanzoni.

Nne, kuna gharama ya kuuza. Matangazo, nyumba ya maonyesho iliyojaa samani na malipo ya madalali hayatoki mfukoni mwa kampuni. Vyote vimo ndani ya bei.

Tano, kuna mnunuzi aliye mbali. Mwaka wa 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 za Marekani, na sehemu ya fedha hizo huingia katika nyumba. Aliye Dallas au Doha hawezi kutembea mtaani kuulizia kodi inayolipwa na wapangaji. Yeye huona picha na kulinganisha bei na nyumba za kule aliko, na kwa kipimo hicho fleti ya Ruaka huonekana rahisi. Bei ikizoea mfuko wake, mwalimu au muuguzi anayepokea mshahara kwa shilingi hubaki akitazama kwa mbali.

Mwisho, kuna ujirani. Muuzaji hupenda kuitaja Runda katika kila sentensi. Lakini ujirani wa mtaa wa kifahari haumpi mkazi wa fleti bustani, ukimya wala barabara pana za mtaa huo.

KIPIMO CHA KODI

Bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake. Kodi ambayo mpangaji hulipa kila mwezi ni ushahidi wa thamani ambayo wakazi wenyewe wanaipa nyumba hiyo. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha bei ni kodi.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyestaafu ambaye anataka kununua fleti ya vyumba viwili vya kulala kwa Sh7 milioni ili aikodishe. Fleti za aina hiyo katika jengo la jirani zinakodishwa kwa Sh40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh480,000, yaani karibu asilimia 6.9 ya bei. Hiyo ndiyo hesabu ambayo muuzaji atamwonyesha.

Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Nyumba ikikaa mwezi mmoja bila mpangaji, mapato yanashuka hadi Sh440,000. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 kwa wanaopata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, unachukua Sh33,000. Ada ya huduma ya jengo ikiwa Sh5,000 kwa mwezi, hiyo ni Sh60,000. Rangi, mabomba na vitasa vikigharimu Sh27,000, mwalimu wetu anabaki na Sh320,000.

Isitoshe, siku ya kununua alilipa ada ya stempu, ambayo ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya mijini, yaani Sh280,000. Jumla ya fedha alizotoa, kabla hata ya kumlipa wakili, ni Sh7.28 milioni. Pato lake halisi basi ni karibu asilimia 4.4 kwa mwaka, na itamchukua takriban miaka 23 kurudisha fedha zake kupitia kodi.

Linganisha na njia nyingine za kuweka akiba. Mnamo Februari 2024 serikali iliuza hati ya dhamana ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya takriban asilimia 18.5 isiyotozwa ushuru. Riba ya kiwango hicho ni ya nadra, na haifai kutarajiwa kila mwaka. Lakini pengo kati ya 4.4 na 18.5 linaonyesha kuwa anayenunua fleti ya aina hii hategemei kodi. Anategemea kwamba siku moja atatokea mtu wa kuinunua kwa bei ya juu zaidi, na katika mji ambao majengo mapya huchipuka kila mwaka, mtu huyo ana fleti nyingi za kuchagua.

ANAYENUNUA KWA MKOPO

Anayetaka kuishi ndani ya nyumba yake naye ana hesabu yake. Akitoa asilimia 20 ya Sh7 milioni na kukopa Sh5.6 milioni kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20, atalipa karibu Sh69,600 kila mwezi. Kufikia mwisho atakuwa ameilipa benki takriban Sh16.7 milioni. Jirani yake anayekodi fleti pacha hulipa Sh40,000.

Hiyo ni sababu mojawapo ya mikopo ya nyumba kuwa michache nchini. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa takriban 30,000 pekee, katika taifa lenye watu zaidi ya milioni 50. Wakazi wengi wa mijini ni wapangaji, na mara nyingi uamuzi wao ni wa busara kuliko wanavyoambiwa. Kukodi si kutupa fedha iwapo tofauti ya Sh29,600 inawekwa kwenye chama cha akiba na mikopo kila mwezi bila kukosa.

HATIMILIKI NA SHERIA

Bei nafuu nayo huwa ghali ikiwa unachokinunua si chako kisheria. Kwa miaka mingi mnunuzi wa fleti alipewa mkataba wa kukodishwa wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo. Ardhi yenyewe ilibaki katika jina la mjenzi au la kampuni hiyo.

Sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyoanza kutumika Desemba 28, 2020, ilibadilisha utaratibu huo. Chini yake kila fleti hupata hatimiliki yake, na wenye fleti huunda shirika la pamoja la kusimamia ngazi, lifti, maegesho na paa. Mikataba ya zamani ilipewa miaka miwili kubadilishwa, ingawa si majengo yote yaliyotimiza jambo hilo. Sheria hiyo pia inamtaka mjenzi ampe mnunuzi stakabadhi muhimu za jengo kabla ya kumuuzia, zikiwemo kanuni za usimamizi wake.

Kuna hatari nyingine iliyojificha. Mjenzi aliyekopa huwa ameiweka ardhi yote rehani. Akishindwa kulipa, benki ina haki ya kuuza, hata kama baadhi ya fleti zimekwisha kulipiwa. Kwa hivyo mnunuzi hana budi kudai barua ya benki inayokubali kuiachilia fleti yake pindi atakapomaliza malipo.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa anayenunua nyumba ambayo bado iko kwenye ramani. Punguzo analopewa ni malipo ya kumkopesha mjenzi fedha bila dhamana. Katika viunga vya Nairobi kumekuwa na miradi iliyokwama katikati, na wanunuzi wakabaki wakipanda na kushuka ngazi za mahakama badala ya ngazi za nyumba zao.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya kulipa arubuni, mnunuzi afanye yafuatayo:

Aulize wapangaji wa majengo matatu ya jirani, wala si dalali, wanalipa kodi kiasi gani na maji hutoka siku ngapi kwa wiki.

Atembelee jengo usiku na ahesabu madirisha yenye taa. Jengo lililomalizika mwaka jana na bado lina giza lina jambo la kumwambia.

Atafute bei ya fleti iliyokwisha kukaliwa katika mtaa uo huo. Ikiwa iliyotumika kwa miaka mitano inauzwa kwa bei ya chini zaidi, tofauti hiyo ndiyo anayolipia harufu ya rangi mpya.

Afanye upekuzi wa hatimiliki katika msajili wa ardhi, na aulizie idhini ya kaunti, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na hati ya kuruhusu watu kuishi humo.

Awe na wakili wake mwenyewe, si yule wa muuzaji, na ahakikishe fedha zinalipwa kwa hatua kadiri ujenzi unavyoendelea.

Aulize ada ya huduma ni kiasi gani, na nani atakayelipa lifti itakapoharibika.

HITIMISHO

Si haki kuwalaumu wajenzi wote. Wapo wanaojenga vizuri, wakamaliza kwa wakati na kukabidhi hatimiliki. Gharama zao nyingi ni za kweli, na zingepungua iwapo maji, majitaka na barabara vingetangulia majengo badala ya kuyafuata.

Lakini mnunuzi hana wajibu wa kulipia matumaini ya mwingine. Fleti ambayo kodi yake haitoshi kuieleza bei yake ni ghali, hata bango liseme nini. Aliyeambiwa kuwa zimebaki mbili tu na bei itapanda Jumatatu aende nyumbani akafanye hesabu. Jumatatu ikifika, aghalabu atazikuta bado zipo, na pengine bei imeshuka.