Mathias Mnyampala na Njia ya Mshairi wa Bara

Katika nchi ya Ihangiro, penye Nshamba na migomba yake, mtungaji wa jadi ni mpiga nanga. Alikuwa mkulima kama jirani zake, na sifa yake ilitokana na tendi alizoimba kwa Kihaya, kama ule wa Mugasha, bwana wa ziwa. Tendi hizo zilikaa vinywani mwa watu hata wataalamu walipozikusanya, miongoni mwao M. M. Mulokozi, aliyezifanyia tasnifu yake ya mwaka 1986.

Mathias E. Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, naye alitoka katika watu wa jembe na mifugo, lakini alishika njia nyingine. Alisoma kwa Wamisionari wa Kikatoliki, akatumika serikalini, akawa liwali na kisha hakimu. Hata historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1954, aliiandika kwa Kiswahili. Na katika Kiswahili aliingia kwa mlango mgumu kupita yote, yaani ushairi wa vina na mizani.

Ugumu huo haukuwa wa lugha tu. Sanaa ya utenzi ililelewa na Waislamu wa pwani, na kwa desturi utenzi hufunguliwa kwa kumtaja Mungu na kumsalia Mtume. Je, chombo hicho chaweza kupakia shehena ya Mkristo wa bara? Mnyampala alijibu kwa kutenda: mwaka 1963 Utenzi wa Enjili Takatifu ulipigwa chapa na Misheni ya Ndanda. Mwenye kudhani kwamba kazi hiyo ni kupanga maneno ya Biblia tu na ajaribu mwenyewe. Mshororo wa utenzi una mizani nane, na jina la Yohane Mbatizaji peke yake huzimaliza zote. Mtungaji hana nafasi ya kusema alilotenda mtu huyo.

Wala hakuipokea sanaa hiyo kwa siri. Rafiki yake katika ushairi alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi (1954). Sheikh huyo alikuwa wa Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo Waislamu wengi waliikataa. Basi Mkatoliki wa Ugogo na Mwahmadiyya wa Ujiji, wote wawili watu wa pembeni mbele ya washairi wa mwambao, walikuwa watetezi wakali wa kanuni za mwambao. Amri Abedi alipofariki mwaka 1964, Mnyampala ndiye aliyeandika habari za maisha yake.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Rais Nyerere aliwataka washairi walieneze kwa wananchi. Mnyampala, mwenyekiti wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, aliitikia kwa ngonjera: mashairi ya majibizano, ambamo mjinga huuliza na mwerevu hujibu hata wakapatana. Kwa ufundi, ngonjera hizo hazifikii Diwani yake ya 1963. Mjinga hushindwa upesi mno. Lakini zilisemwa na watoto wa shule nchi nzima, jambo ambalo Diwani haikulipata. Yeye hakuziona kitabuni: alifariki mwaka 1969, na kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, cha pili mwaka uliofuata.