Uwanja Mtupu, Timu Inakula Nini? Kumbukumbu za mwaka 2020

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimekunywa chai, usingizi umegoma. Basi tuendelee na zile historia zetu za mwaka wa corona. Leo ni zamu ya mpira. Najua kuna mtu anasema, "Nesi, mpira si mambo ya kina baba hayo?" Subiri kidogo, utaona unaingiaje jikoni kwako.

Mei 2020, kliniki ya watoto hapa Mashewa, alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi tisa. Nikampima mtoto, nikaweka alama kwenye kadi. Mstari ulishatoka kwenye kijani, umeingia kijivu. Hana homa, haharishi, ananyonya vizuri. Nikamuuliza anakula nini. "Uji, nesi." Uji wa nini? "Wa sembe." Na nini tena? Akanyamaza.

Nikamsogezea kiti, tukaongea. Walikuwa wanaishi Korogwe mjini. Mume anacheza mpira kwenye timu ya daraja la chini, analipwa posho kwa mechi. Yeye mwenyewe siku za mechi anakaanga mihogo na kuuza nje ya uwanja. Ligi ikasimama, posho ikakata, na mihogo ikakosa mnunuzi. Kodi ya chumba ikawashinda, wakarudi huku kwa mama mkwe.

Yaani baba na mama wote walikuwa wanakula kwenye uwanja mmoja, na uwanja umefungwa. Siku ile ndiyo nilianza kujiuliza: kama mchezaji wa chini amefika hapa, timu zenyewe zinaishije?

SEHEMU YA 2

Turudi nyuma kidogo. Machi 8, 2020, Yanga waliifunga Simba 1-0 Uwanja wa Taifa, bao la Bernard Morrison. Uwanja ule unachukua watu 60,000, na mechi ya watani mnaijua ilivyo, watu wanabanana bega kwa bega.

Siku nane baadaye, Machi 16, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, kule Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule na kuzuia mikusanyiko, michezo ikiwemo. Kwanza ilisemwa siku 30, halafu Aprili zikaongezwa bila kutaja mwisho.

Kama nesi, sikulalamika hata kidogo. Ugonjwa unaopita kwa pumzi, na watu maelfu wanapiga kelele wakiwa wamekaa bega kwa bega, unategemea nini? Kusimamisha kulikuwa sahihi. Ila kila ukifunga mlango mmoja, kuna mtu alikuwa anapitisha mkate wake hapo. Hilo hatukuliwaza sana siku zile.

SEHEMU YA 3

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Hela ya timu ya mpira ni kama chungu, inakaa juu ya mafiga matatu.

Figa la kwanza ni mlangoni, yaani kiingilio. Hapa kwetu kiingilio kinabeba kweli timu mbili, Simba na Yanga. Timu nyingine nyingi za Ligi Kuu siku ya kawaida zinaingiza watu wachache, na kabla hela haijafika kwenye timu inakatwa kodi na gharama za uwanja na za mchezo. Timu ya mkoani inavuna siku Simba au Yanga wakija kwao. Hizo ni siku mbili kwa msimu. Ukiikosa moja, umepoteza nusu ya mavuno.

Figa la pili ni wadhamini na televisheni. Vodacom ndio walikuwa wadhamini wa ligi msimu ule, na Azam TV ndio wenye haki ya kuonesha mechi. Ila mechi zisipochezwa, televisheni nayo inaonesha nini?

Figa la tatu ni mwenye timu. Hapa wengi hatukuwa tunapaangalia. Msimu wa 2019/20 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20. Zihesabu na mimi: Polisi Tanzania, Tanzania Prisons, JKT Tanzania, Ruvu Shooting, hizo ni za vyombo vya dola. Kagera Sugar na Mtibwa Sugar ni za viwanda vya sukari. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni. Azam ni ya kampuni za Bakhresa. Timu kama hizi hazisubiri kiingilio ndipo wachezaji wale. Wengine ni askari kabisa, ana namba ya ajira na mshahara wa mwezi. Mpira usimame usisimame, mwisho wa mwezi unafika.

Waliobaki ni timu za wanachama, za mji, au za mtu mmoja mwenye moyo. Hao ndio corona iliwakuta wamesimama kwa mguu mmoja.

Na usidhani ni umaskini wetu tu. Barcelona, timu ya Messi, mwaka uleule wachezaji wake walikubali kukatwa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi cha dharura. Ukubwa wa chungu haujalishi, figa likichomoka kinayumba.

SEHEMU YA 4

Jirani zetu Kenya walipata tabu zaidi. Mdhamini wao SportPesa alishaondoka mwaka 2019, hata corona haijaja. Aprili 30, 2020 shirikisho lao likaimaliza ligi mezani, Gor Mahia wakapewa ubingwa. Timu kubwa kabisa za nchi ile, Gor Mahia na AFC Leopards, zikawa zinachangiwa na mashabiki kwa simu. Waliporudi uwanjani Novemba 2020, walicheza bila mashabiki. Mlango umefungwa, mpira unachezwa. Mdhamini mpya wa ligi, BetKing, alisaini miaka mitano, ila hata miwili haikuisha.

Kwetu ilikuwa tofauti. Mei 21 Rais Magufuli alitangaza michezo irudi kuanzia Juni 1. Ligi ikarudi Juni 13: Mwadui na Yanga kule Shinyanga, na hapa mkoani kwetu Coastal Union wakaikaribisha Namungo, Mkwakwani. Mashabiki waliruhusiwa kwa masharti ya kunawa, kupimwa joto na kukaa mbalimbali. Kunawa niliona kwenye picha. Kukaa mbalimbali, mmh, tuyaache.

Simba wakachukua ubingwa. Walioshuka moja kwa moja ni Singida United, Ndanda ya Mtwara, Lipuli ya Iringa na Alliance ya Mwanza. Mbao nao wakashuka kwa kutolewa na Ihefu kwenye mechi za mchujo. Angalia orodha hiyo tena. Hakuna timu ya jeshi, ya polisi, ya magereza wala ya kiwanda cha sukari.

Sisemi corona ndiyo iliyowashusha. Singida United walikuwa na hali mbaya tangu mapema msimu ule. Wala kuwa na taasisi si kinga ya kushuka. Sisi watu wa Tanga tunajua: mwaka 2016 zilishuka timu zetu tatu kwa mpigo, Coastal Union, African Sports, na Mgambo Shooting ambayo ni ya JKT kule Handeni. Na msimu uliofuata ule wa corona, JKT Tanzania nao walishuka. Ila kushuka ni jambo moja, kulala njaa ni jingine. Mchezaji mwenye ajira akishuka daraja, watoto wake bado wanakula.

Msaada ulikuja? Ulikuja kwa juu. CAF walitoa dola 300,000 kwa kila shirikisho la nchi. FIFA wakatenga dola milioni 1 kwa kila shirikisho, na dola 500,000 nyingine kwa ajili ya mpira wa wanawake. Hiyo ya wanawake ilinifurahisha, maana wasichana wetu wanacheza mbele ya watu wachache hata bila corona. Mwaka ule Simba Queens ndio walikuwa mabingwa, na wangapi kati yetu tulijua? Lakini hela ya shirikisho kufika kwa mke wa mchezaji wa daraja la chini, huko ni mbali sana.

SEHEMU YA 5

Kuna siku Simba nao walionja uwanja mtupu. Februari 23, 2021 waliifunga Al Ahly ya Misri 1-0 Dar es Salaam, bao la Luis Miquissone, mashabiki wapo. Machi 16 wakacheza na Al Merrikh ya Sudan kwenye uwanja uleule, safari hii CAF wamezuia mashabiki. Walishinda 3-0. Niliiangalia kwenye simu nikiwa zamu, nikawa nasikia sauti ya kocha na mpira unavyopigwa. Timu ilishinda vizuri tu. Mlangoni ndiko hakukuingia kitu, na wale wa nje wenye karanga na maji siku ile hawakuwa na sababu ya kwenda.

Mei 2021 TFF na Azam Media wakasaini mkataba wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Oktoba NBC wakawa wadhamini wa ligi. Figa la pili likanenepa, na sasa hata timu ndogo ya Ligi Kuu ina kitu inachokitegemea zaidi ya siku mbili za Simba na Yanga. Kwa wakubwa ni hatua. Madaraja ya chini bado wanasubiri mvua hiyohiyo iwanyeshee.

Mnaniuliza yule mama. Hatukumpa dawa, maana mtoto hakuwa mgonjwa. Nilimwambia aendelee kunyonyesha, uji aweke karanga za kusaga, na chakula aponde kunde, mboga za majani, dagaa, yai likipatikana. Mama mkwe alikuwa na kunde ghalani na kuku wawili. Mwanamke wa watu alikuwa anaona aibu kuomba tu. Tukamwita bibi kliniki ya mwezi uliofuata, akaja mwenyewe kambeba mjukuu. Mwezi wa Agosti mstari ulirudi kijani.

Na mama akaanza kukaanga vitumbua, anauza siku ya gulio. Ligi iliporudi, mume alirudi Korogwe kucheza. Mihogo ya uwanjani akairudia siku za mechi, ila vitumbua hakuacha. Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo. Akaniambia, "Nesi, nilishaona uwanja ukifungwa siku moja."

Haya, mwaka 2020 nyumbani kwako ni figa gani lilichomoka, na ulipachika nini? Niandikie hapa chini, nitasoma zote nikiamka. Na kama kadi ya mtoto inaonesha mstari umelala miezi miwili, usisubiri ushuke. Njoo tu, hata kama unaona aibu.