Kutoka Kuhesabu Nondo hadi Kuwavuruga: Feromoni katika Mashamba ya Matufaha ya Magharibi mwa Marekani

Kiwavi wa nondo wa tufaha (Cydia pomonella) hutoboa tunda hadi kwenye mbegu, na akishaingia humo dawa haimfikii. Kwa miongo mingi wakulima walinyunyizia dawa kwa kufuata kalenda. Insha hii inachunguza jinsi feromoni, yaani kemikali anayoitoa nondo jike ili kumwita dume, ilivyobadili utaratibu huo. Hoja yake ni kwamba ugunduzi wa kikemia pekee haukutosha. Ulihitaji ushirikiano wa majirani.

Mwaka 1959 Adolf Butenandt na wenzake nchini Ujerumani walitangaza feromoni ya kwanza kutambuliwa kikemia, iliyopatikana kwa kutumia nondo wa hariri wapatao 500,000. Mwaka 1971 Wendell Roelofs na wenzake, katika jimbo la New York, waliitambua ile ya nondo wa tufaha kwa njia nyepesi zaidi: walipima mwitikio wa umeme wa kipapasio cha dume kwa kila kemikali waliyoijaribu.

Matumizi ya awali yalikuwa ufuatiliaji. Chambo chenye feromoni kiliwekwa ndani ya mtego wa gundi. Siku madume walipoanza kunaswa mfululizo, mkulima alianza kujumlisha joto la kila siku ili kukadiria wakati wa mayai kuanguliwa, ndipo aliponyunyizia.

Mwaka 1991 Marekani iliidhinisha Isomate-C, vitoa-harufu vinavyofungwa matawini. Hewa ikijaa feromoni, dume hushindwa kumpata jike. Hata hivyo, mbinu hii ilizua matatizo mawili. Kwanza, mtego mtupu haukuwa tena ushahidi kwamba nondo hawapo, hivyo ikabidi kutumia chambo cha miligramu 10 badala ya 1. Pili, jike aliyekwisha kupandwa katika shamba lisilotibiwa aliweza kuruka mpaka na kutaga mayai kwa jirani.

Tatizo la pili halikuwa la maabara. Kuanzia mwaka 1995, Wizara ya Kilimo ya Marekani na vyuo vikuu vya Washington, Oregon na California viliwaunganisha wakulima wa mashamba yanayopakana, katika maeneo matano ya mwanzo, watumie feromoni kwa pamoja. Unyunyiziaji wa viuadudu ulipungua sana bila matunda kuharibika zaidi.

Kwa hiyo, historia ya feromoni haikamiliki kwa kuwataja wanakemia pekee. Nondo hatambui mpaka wa shamba. Mbinu ya kumdhibiti ilifaulu pale wakulima nao walipouvuka.