Majira ya Zohali na Pete Iliyopotea

Mwaka 1610 Galileo Galilei, mwanachuoni wa Italia, alielekeza darubini yake kwenye sayari ya Zohali akaona ajabu. Sayari ilikuwa kama tufe kubwa lenye matufe mawili madogo, moja kila ubavu. Walakini alipotazama tena mwishoni mwa mwaka 1612, wale masahibu wawili walikuwa wametoweka. Alijiuliza kama vioo vya darubini vilimhadaa yeye na wenzake. Shaka hiyo haikuwa ndogo, kwani habari zote mpya alizowapa watu juu ya mbingu zilitegemea uaminifu wa chombo kile. Ikiwa kilisema uongo juu ya Zohali, nani angekisadiki juu ya miezi ya Mushtarii? Hata hivyo hakuficha aliyoyaona, akathubutu kutabiri kuwa masahibu wale watarejea. Wakarejea.

Maelezo yake yalikawia. Mwaka 1659 Christiaan Huygens wa Uholanzi aliandika kuwa Zohali imezungukwa na pete nyembamba, bapa, iliyoinama, wala haiigusi sayari mahali popote. Zohali hulizunguka jua kwa miaka ipatayo 29 na nusu, nayo imeinama kwa nyuzi zipatazo 27. Kwa sababu hiyo, kila baada ya miaka kumi na mitano hivi, jua huvuka ikweta yake, na pete hulielekezea jua ukingo wake mwembamba. Sisi tulio karibu na jua huiona ikipotea. Basi Galileo hakukosea. Pasipo kujua, alishuhudia majira yakigeuka katika ulimwengu wa mbali.

Zohali haina ardhi ya kukanyagwa. Lakini tuseme mtu angeweza kukaa pale. Kila majira yangedumu zaidi ya miaka saba. Usiku wa kiangazi angeona tao kubwa la nuru angani, na usiku wa manane kivuli cha sayari kingelikata tao hilo katikati. Wakati wa baridi tao lingefifia, na mchana kivuli cha pete kingemzidishia baridi. Akiwa penye ikweta angeona mstari mwembamba tu, na karibu na ncha asingeiona pete kabisa.

Mwaka 1859 James Clerk Maxwell alithibitisha kwa hesabu kuwa pete hiyo haiwezi kuwa kitu kimoja kigumu, bali ni vipande visivyo na idadi, kila kimoja kikienda njia yake. Mwaka 1895 James Keeler aliuthibitisha ukweli huo kwa kuipima nuru yake.

Mwaka 2025 pete ilipotea tena machoni petu, wala hakuna mtaalamu aliyeshuku darubini yake. Utulivu huo ni urithi wetu kutoka kwa mtu aliyeona jambo lililomfedhehesha, akaliandika vivyo hivyo.