Ekseli na Usukani: Habari za Gari la Bara katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za vyuma visivyosifiwa. Watu hulisifu gari kwa injini yake, au kwa rangi yake, au kwa wingi wa mizigo lichukuayo. Ni wachache wanaoinama na kutazama chini yake. Lakini yeyote aliyesafiri katika nchi ya Usukuma wakati wa mvua ajua ya kuwa safari haikatizwi na injini peke yake. Mara nyingi injini yanguruma vema, na gari limesimama katikati ya mbuga, kwa kuwa ekseli imevunjika au usukani umekataa. Basi na tuanze tangu mwanzo, tuone vyuma hivyo vilikujaje, vilitengenezwa upya kwa sababu gani, na vyatudai nini sisi tunaovitumia.

Zamani mizigo ya nchi hii ilichukuliwa kichwani na begani. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, nao walikwenda hata pwani na kurudi. Chuma nacho hakikuwa kitu kigeni. Warongo, watu wa upande wa Uzinza na Geita, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, na majembe ya wahunzi wa nchi zile yaliuzwa mbali. Kilichokuwa kigeni ni gurudumu. Lilipokuja gari la kukokotwa na ng'ombe, watu waliona mara ya kwanza mhimili ukibeba mzigo wa watu wengi. Huo mhimili ndio unaoitwa ekseli.

Mtazame ng'ombe akikata kona na gari la magurudumu manne la namna ya kale. Ekseli yote ya mbele huzunguka juu ya pini moja iliyo katikati. Kwa mwendo wa ng'ombe jambo hilo halina madhara. Lakini gari likienda kasi, ekseli iliyogeuka nzima huondoa tegemeo la pembeni, nalo hupinduka. Aidha, gurudumu la ndani ya kona hupita njia fupi kuliko la nje. Basi yafaa likate zaidi kuliko mwenzake. Fundi mmoja wa magari ya farasi katika mji wa Munich, jina lake Georg Lankensperger, alipata dawa yake mwaka 1817. Aliiacha ekseli itulie mahali pake, akalipa kila gurudumu pini yake ya kugeukia, akayaunga magurudumu mawili kwa fimbo moja. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliiandikisha hati ya uvumbuzi huo huko London, na hata leo mpango huo huitwa kwa jina la Ackermann. Ile fimbo ndiyo ambayo mafundi wetu huiita tairodi. Liwekeni neno hilo moyoni, maana tutalirudia.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1828, Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hati ya mtambo wa meno unaoyawezesha magurudumu mawili ya ekseli moja kwenda kwa mwendo usiolingana. Huo ndio difu. Bila difu gari lingeburura gurudumu moja katika kila kona. Lakini difu ina udhaifu wake: gurudumu moja likiwa topeni na jingine mahali pakavu, lililo topeni huzunguka bure, na lililo pakavu husimama. Ndiyo maana wenye magari ya bara walitaka magurudumu yote manne yasukumwe na injini.

Sasa na turudi Usukuma. Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Katika miaka ya 1930 mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi Geita. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson, bingwa wa elimu ya miamba, aligundua almasi Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga. Mwadui haikuwa mbali na reli; lakini Geita iko ng'ambo ya ghuba ya Ziwa, upande wa magharibi, wala reli haikufika huko. Vitu vya kwenda huko vilivuka maji, kisha vilipita barabara za udongo. Na udongo wenyewe ni mwalimu mkali. Juu ya vilima kuna mchanga uitwao luseni, unaopitisha maji upesi. Bondeni kuna mbuga, yaani udongo mweusi mzito. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka na kuwa ngumu kama tofali. Tangu Novemba hata Aprili, mvua zikinyesha, hugeuka kuwa kama ulimbo: hushika gurudumu, hujaza tairi, huziba breki. Na nyayo za magari zilizochimbwa topeni hukauka zikawa mifereji migumu, ambayo huushika usukani na kuunyang'anya mikononi mwa dereva.

Gari la kuiweza nchi ya namna hiyo lilizaliwa na vita. Mwaka 1941 Wamarekani walianza kuunda jeep kwa wingi, na hata vita vilipokwisha mwaka 1945 yalikuwa yameundwa zaidi ya 600,000. Shida ya gari la namna hii iko mbele. Gurudumu la mbele lapaswa kufanya kazi mbili pamoja: kusukuma na kugeuka. Shafti ya ekseli lazima ipinde pamoja na gurudumu, na huku ikizunguka. Kiungio cha kawaida cha msalaba kikipinda huzunguka kwa kusita, mara upesi mara polepole, na msukosuko wake hufika katika usukani. Dawa yake ilipatikana miaka ya 1920: Wafaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walitoa kiungio cha namna moja, na Alfred Rzeppa akatoa kingine chenye gololi sita, ambacho huzunguka sawasawa hata kikiwa kimepinda. Bila kazi ya watu hawa tusingekuwa na gari la bara kama tulijualo.

Tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Waingereza walionyesha Land Rover, gari lililobuniwa na Maurice Wilks. Gari hilo lilienea katika Afrika Mashariki yote. Wajapani nao walianza mwaka 1951, na tangu 1954 gari lao likaitwa Land Cruiser. Mwaka 1984 ilitokea jamii ya 70, ambayo mpaka leo ndiyo yaonekana sana migodini.

Hapa yatupasa kueleza jambo moja kwa taratibu, kwa kuwa ndilo kiini cha matengenezo yote ya ekseli. Ziko shafti za namna mbili. Namna ya kwanza, shafti huzungusha gurudumu na pia hubeba uzito wa gari. Ikikatika, gurudumu laweza kutoka pamoja na kipande chake, na gari huangukia ubavu. Namna ya pili, uzito wa gari hubebwa na habu iliyokaa na beringi zake juu ya bomba la ekseli. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Hii ikikatika, gari hubaki limesimama kwa magurudumu yake. Dereva hufungua bolti, akachomoa vipande, na kutia shafti nyingine hapo hapo njiani. Land Rover za mwanzo zilikuwa za namna ya kwanza nyuma, na sifa yao mbaya ilikuwa kukata shafti. Baadaye zikapewa namna ya pili. Land Cruiser za kazi nzito nazo zina namna ya pili nyuma. Mtu anunuaye gari kuukuu kwa kazi ya machimbo na aulize neno hili kabla ya kuuliza bei.

Lakini wahenga walisema: kamba hukatikia pabovu. Ukiunga pabovu, kamba hutafuta pabovu pengine. Mtu hutia tairi kubwa apate kupita matope. Tairi kubwa ni kama mpini mrefu wa jembe: huzidisha nguvu inayopinda shafti. Akitia shafti ngumu zaidi, mzigo huhamia kwenye meno ya difu. Akiiimarisha difu, mzigo huhamia kwenye viungio vya mbele. Na tairi ile ile, kila inapogonga jiwe, huivuta tairodi kwa nguvu kuliko alivyopima mwenye kuiunda. Basi atengenezaye ekseli pasipo kutazama usukani amefanya nusu ya kazi, nayo ni nusu iliyo rahisi.

Mfano mmoja wa siku hizi utatusaidia. Mwaka 2007, Land Cruiser za jamii ya 70 zilipopewa injini kubwa ya V8, ekseli ya mbele ilipanuliwa ili injini ipate nafasi, na ya nyuma ikabaki vilevile. Tofauti ni yapata milimita 95. Katika barabara ya lami mtu haoni kitu. Lakini katika mifereji ya mbuga magurudumu ya nyuma hayafuati njia iliyokanyagwa na ya mbele. Gari huyumba, na dereva hupigana na usukani wake. Wengine hutia bamba la chuma kati ya habu na gurudumu la nyuma ili kulisogeza nje. Ni rahisi, lakini gurudumu likisogea nje huielemea beringi kwa pembeni, na stadi hubeba mzigo ambao hazikukusudiwa. Wengine huweka ekseli nzima iliyo pana zaidi. Hiyo ni ghali, lakini uzito hukaa juu ya beringi kama ilivyopimwa.

Ekseli ikivunjika, gari husimama. Tairodi ikivunjika, au boljointi ikichomoka, gari halisimami: laendelea kwenda, wala halina wa kuliongoza. Tofauti hiyo ni tofauti kati ya hasara na msiba. Zaidi ya hayo, nyuma ya pikapu za machimbo huketi watu juu ya magunia ya mawe. Mafundi wetu ni hodari wa kulehemu, nasi twawasifu. Wameokoa magari mengi ambayo vipuri vyake vilikuwa mbali. Bodi yaweza kulehemiwa. Lakini tairodi iliyopinda au mkono wa usukani uliopasuka usilehemiwe. Moto hubadili ugumu wa chuma, na ufa huanza tena pembeni ya kiungo, mahali jicho lisipoona. Kitu hicho hubadilishwa.

Hata kijana wa shule aweza kusaidia ukaguzi. Gari lisimamishwe mahali sawa, magurudumu ya nyuma yakingwe kwa mawe. Mmoja auchezeshe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, mwingine atazame kila kiungio: kinachocheza kabla ya gurudumu kugeuka kimekwisha. Kisha gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, na ekseli iegemezwe imara. Lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, beringi za habu au za pini zimelegea. Lishikwe kushoto na kulia; likicheza hivyo tu, tazameni tairodi. Mwisho, kila nati ya usukani iwe na pini yake ya kuizuia isifunguke. Pini hiyo ni ndogo kuliko msumari, na maisha ya watu kumi hutegemea kuwapo kwake.

Mambo mengi yamebadilika. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Lami imefika Geita, na tarehe 19 Juni 2025 daraja la kutoka Kigongo hata Busisi lilifunguliwa, ambapo zamani magari yalingoja pantoni. Lakini ukiiacha lami na kuelekea machimbo ya wachimbaji wadogo, mbuga ni ile ile, na mvua ni ile ile. Barabara njema humfanya mtu aende kasi. Na aendaye kasi ahitaji usukani mzima kuliko babu yake aliyekwama topeni.

Mpagazi wa zamani alijua kila kamba ya mzigo wake, kwa kuwa aliufunga mwenyewe. Sisi twapanda gari tusilolifunga. Basi, kabla ya safari, na tuiname kidogo tutazame chini.