Usukani wa kulia: jinsi ndai za Japani zilivyofika mtaani

Wasee, kesho ukiwa tao simama pale Kenyatta Avenue dakika tano tu, uhesabu magari. Vitz, Demio, Fielder, Probox, Note, Mark X. Nyingi zimeendeshwa Japani na mtu ambaye hatutawahi kumjua, kisha zikapanda meli hadi Mombasa. Tumezoea hadi hatuulizi: kwa nini Japani? Mbona si Ujerumani au Marekani, ambako pia magari yamejaa? Na ilikuwaje mwalimu wa Kawangware leo anaweza kuota gari, wakati babu yake mwenye kazi ya ofisi alipanda basi hadi akastaafu?

Tuanze na usukani. Sisi tunaendesha kushoto kwa sababu Mwingereza alitukuta, akatutawala na kutuachia barabara zake. Japani hawakutawaliwa na Mwingereza, lakini reli yao ya kwanza, ya mwaka 1872, ilijengwa kwa msaada wa mainjinia Waingereza, na wao pia wakabaki upande wa kushoto. Hata Okinawa, kisiwa chao kilichokuwa chini ya Marekani baada ya Vita vya Pili na kikaendesha kulia, kilirudishwa kushoto tarehe 30 Julai 1978. Waliamka asubuhi, barabara imegeuka.

Hiyo ajali ya historia ndiyo bahati yetu. Sheria ya Kenya hairuhusu usajili wa gari la usukani wa kushoto, isipokuwa magari maalum kama ambulensi na ya zima moto. Kwa hivyo mtumba wa Ujerumani huishia Cotonou na Lagos, sisi tukiangalia tu. Ile Mercedes unayoiona Lavington, kama iliingia ikiwa mtumba, kuna uwezekano mkubwa ilinunuliwa mpya na Mjapani au Mwingereza.

Na Wajapani huuza mapema. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, huja na kodi na bima zake. Gari likianza kuzeeka, wengi huona heri wachukue jipya. Hilo la zamani linapelekwa mnadani likiwa bado linang'aa.

Lakini bei nafuu Japani haikutosha kutufikia. Miaka ya 70 serikali yetu ilikuwa na mpango mwingine: tuunganishe magari hapa hapa. Zikaja Leyland pale Thika, General Motors hapa Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa. Wazo halikuwa baya, kwa sababu lilileta kazi na ujuzi. Shida ni kwamba soko letu lilikuwa dogo, vipuri vingi bado vilitoka nje kwenye masanduku, na bei ikabaki juu mawinguni. Kuagiza gari lako mwenyewe kulihitaji leseni, na fedha za kigeni zilidhibitiwa na Benki Kuu. Mwenye gari alikuwa mtu wa serikali, mfanyabiashara mkubwa, au mtu aliyejuana na mtu. Kiswahili chetu kikatoa neno ambalo dunia nzima inalijua sasa: wabenzi.

Hata ndoto ya gari letu wenyewe ilikuwepo. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa pale Kasarani. Zilikuwa tano. Hazikuwahi kufika dukani.

Halafu ikaja 1993. Wafadhili walikuwa wameminya serikali, uchumi ukafunguliwa, leseni za kuagiza bidhaa zikaondolewa. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, mengine yakipitia Dubai. Neno mtumba likatoka Gikomba kwenye nguo, likapanda hadi yadi za Ngong Road. Hakuna kiongozi aliyeamka siku moja akasema nesi na mwalimu nao wawe na gari. Mlango ulifunguka kwa shinikizo, na watu wa kawaida wakapita. Mimi nimekulia upande huu wa magharibi, na kila nikitembea kutoka Dagoretti Corner hadi Prestige naona yale magari yamepangwa na bei kwenye kioo. Hata usiponunua, unapiga hesabu. Babu yangu hakuwa na hata hesabu ya kupiga.

Sasa, mlango ukiwa wazi kabisa, takataka pia huingia. Hapo ndipo ile sheria ya miaka minane inaingia, na mimi naiunga mkono. Kiwango cha KEBS kiitwacho KS 1515 cha mwaka 2000 kinataka gari liwe na usukani wa kulia na lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 hiyo ilimaanisha 2018 kuendelea. Mwaka ukigeuka, mstari nao unasonga, kwa hivyo ukinunua la mwisho mwisho na meli ichelewe kupita 31 Desemba, umekwama. Bila sheria hii tungekuwa jalala la dunia. Uganda wao waliweka miaka 15 mwaka 2018.

Njia halali si siri. Unachagua gari, unasoma karatasi ya mnada inayoonyesha daraja na makovu yake. Kabla halijapanda meli linakaguliwa na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, linapewa cheti. Likifika Mombasa, wakala wa forodha mwenye leseni anaingiza hati kwenye mfumo wa KRA, kodi inalipwa, kisha NTSA wanasajili na kukupa nambari. Mtu akikuambia kuna mlango wa nyuma, huo mlango ni wa mfuko wako. Binamu yangu alimtumia dalali wa mtandaoni pesa ya kwanza bila hata nambari ya chesisi. Simu ikazimwa, na hiyo ndoto bado inalipiwa deni.

Ngori yenyewe iko kwenye kodi. KRA hawaangalii ulilipa ngapi kule mnadani. Wana orodha ya bei za magari mapya, CRSP, wanakata kulingana na umri wa gari, na hapo wanapata thamani ya kutoza. Tuseme thamani imetoka Sh500,000, na injini yako haizidi 1500cc. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha asilimia 35 ni Sh175,000. Ushuru wa bidhaa asilimia 20, juu ya jumla hiyo, ni Sh135,000. VAT asilimia 16, juu ya yote hayo, ni Sh129,600. Ongeza ada ya tamko asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2. Jumla ni Sh462,100. Yaani kwa kila shilingi ya gari, unalipa senti 92 za kodi. Na Julai 2025 orodha ya CRSP ikabadilishwa, kwa hivyo hata ile thamani ya kuanzia si ileile ya jana.

Mwishoni mwa 2015 walijaribu kitu kibaya zaidi: ushuru wa bidhaa wa Sh200,000 kwa kila gari lililozidi miaka mitatu. Vitz na V8, bei moja. Watu walipiga kelele, na mwaka 2016 asilimia zikarudi. Kwa hivyo msiniambie kelele hazisaidii.

Najua jibu litakuwa nini: tulinde viwanda vyetu. Sawa. Volkswagen walirudi Thika 2016, na nawatakia mema wanaofanya kazi pale. Lakini miaka ya 70 na 80 ilishatufundisha kwamba ukifunga mlango kabla hujatengeneza gari ambalo mwalimu anaweza kununua, hupati kiwanda kikubwa. Unapata wabenzi. Na wengine wetu tunarudi kwa mathree, tumesimama, mvua inanyesha Westlands.

Ninachotaka ni kidogo. Sheria ya umri ibaki, kwa sababu inalinda maisha na mapafu yetu. Lakini kodi ianze na bei ambayo mtu alilipa kweli, risiti na karatasi ya mnada zikiwa mezani, na orodha isibadilishwe bila sisi kujua hesabu yake. Kama una miaka 19 leo na unaweka akiba ya ndai yako ya kwanza, siku maoni ya umma yakiitishwa juu ya Mswada wa Fedha, hii ndiyo sehemu ya kusoma kwanza.