Nyumba ya Mayfair na Jina Lililo Katika Hati

Kamati ya maandalizi iliponitaka niandike jambo la historia kwa ajili ya kijitabu hiki, nadhani ilitarajia habari za mababu na majahazi yao. Habari hizo zimekwisha kuandikwa na wanaozijua kuliko mimi. Nimeonelea niwaeleze historia ya kitu ambacho wengi wenu mmekula na kulala chini ya kivuli chake bila ya kupata kukisoma, nacho ni hati ya nyumba yetu ya Mayfair, hapa Johannesburg.

Sababu iko wazi. Katika ajenda ya mkutano wetu mkuu limo pendekezo la kuiuza nyumba hiyo, na limo jingine la kuibomoa na kujenga vyumba vya kupangisha. Watoto wetu walioko Muscat, Leicester na Toronto wameniandikia wakiuliza fungu lao ni kiasi gani. Jibu la kisheria, kwa leo, ni kwamba hawana fungu. Nyumba ilinunuliwa mwaka 1996 kwa michango ya familia 11, lakini hati ina jina moja tu, la Baba Mkubwa, ambaye wengine mnamwita Babu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri na afya. Jina lake liliandikwa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, na yeye ndiye ambaye benki ilikubali kumkopesha fedha zilizopungua. Hapakuwa na hila. Palikuwa na haraka na kuaminiana.

Desturi ya kununua nyumba kwa jina la kuazima haikuanza na sisi. Katika mji huu ina umri karibu sawa na mji wenyewe. Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886, dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand. Mwaka mmoja kabla yake Jamhuri ya Makaburu ya Transvaal ilikuwa imekwisha kupitisha Sheria Nambari 3 ya 1885, iliyowakataza watu wa asili ya Asia kumiliki ardhi na majumba. Iliwataja mmoja mmoja: wale iliowaita makuli, Waarabu, Wamalai, na Waislamu raia wa dola ya Kituruki. Baadaye waliruhusiwa kumiliki katika mitaa watakayotengewa, basi. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi, na kila mara hujiuliza karani wa siku zile angeliwaandika wapi watu kama sisi, wenye babu wa Hadhramaut na bibi wa Kidigo. Pengine jibu liko Durban. Wazanzibari wa huko, wajukuu wa watu waliookolewa katika vyombo vya watumwa na kuletwa Natal kuanzia mwaka 1873, wengi wao Wamakua, walihesabiwa na serikali ya ubaguzi wa rangi kuwa "Waasia wengineo", wakaondolewa kwao King's Rest na kupelekwa Chatsworth katika miaka ya 1960.

Kwa Waafrika wa Transvaal kikwazo kilikuwa mazoea ya ofisi kuliko sheria. Mwafrika akinunua shamba au kiwanja kwa fedha zake, mali iliandikwa kwa jina la mmisionari au la ofisa wa serikali, kwa kile kilichoitwa dhamana. Aliyelivunja jambo hilo ni Mchungaji Edward Tsewu, ambaye alinunua kiwanja Klipfontein, kando ya Johannesburg, akataka kiandikwe kwa jina lake mwenyewe. Msajili wa Hati akakataa. Tsewu akaenda Mahakama Kuu ya Transvaal, na mwaka 1905 mahakama ikatamka kwamba hapakuwa na sheria yoyote iliyomzuia Mwafrika kuandikishwa kuwa mwenye ardhi. Mimi niliyetumia miaka mingi ya utumishi wangu kati ya majalada huistahi hukumu hiyo kuliko hotuba nyingi. Mtu hakuomba upendeleo. Aliuliza tu ni kifungu gani kinachomkataza, na kifungu hakikupatikana.

Mlango huo haukukaa wazi kwa muda mrefu. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyoanza kutumika tarehe 19 Juni 1913, iliwafungia Waafrika sehemu kubwa ya nchi, na marekebisho ya mwaka 1937 yakawazuia kununua ardhi mijini kutoka kwa wasio Waafrika bila ya idhini ya serikali kuu. Palibaki mitaa michache ambamo Mwafrika alikuwa na hati yake mwenyewe: Alexandra upande wa kaskazini, na upande wa magharibi Sophiatown, Martindale na Newclare. Sophiatown ilikuwa ardhi ya Herman Tobiansky, aliyeuita mtaa huo kwa jina la mkewe Sophia. Viwanja karibu 1,700 vilipimwa mwaka 1903. Wazungu hawakuvipenda, hasa baada ya manispaa kuweka machimbo yake ya maji machafu jirani, na kwa hiyo vikauzwa kwa yeyote mwenye fedha. Wenye nyumba walijenga vibanda uani, wakaweka wapangaji, na kodi za wapangaji zikalipa rehani. Dakta A. B. Xuma, aliyekuwa Rais wa chama cha ANC kati ya 1940 na 1949, alijenga nyumba yake Toby Street mwaka 1935, na ingali imesimama.

Wahindi nao walitafuta njia. Wengine walimwomba Mzungu waliyemwamini aandikishe nyumba kwa jina lake. Wengine waliunda makampuni, kwa kuwa kampuni machoni mwa sheria haina rangi wala kabila. Bunge likaiziba njia ya makampuni mwaka 1919, likaongeza vizuizi vingine mwaka 1932, na hatimaye ikaja Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, iliyoamua kwa rangi ya mtu ni mtaa gani anaweza kukaa na kumiliki.

Yafaa ikumbukwe kwamba hata serikali ile haikuweza kuzipuuza hati za Sophiatown. Ilibidi itungwe sheria maalumu, Sheria ya Uhamisho wa Wenyeji ya mwaka 1954, ndipo wenye nyumba waondolewe. Tarehe 9 Februari 1955 askari wapatao 2,000 waliuzingira mtaa, na malori yakaanza kuwachukua watu kwenda Meadowlands. Watu wapatao 60,000 waliondolewa mpaka kazi ilipokwisha. Aliyekuwa na hati yake akawa mpangaji wa serikali. Mahali pao palijengwa mtaa wa Wazungu ukaitwa Triomf, yaani ushindi, na jina la Sophiatown halikurudishwa mpaka mwaka 2006. Padre Trevor Huddleston, aliyepinga uhamisho huo kwa nguvu, wengine kati yetu tulimsikia utotoni kwa sababu nyingine: kuanzia 1960 hadi 1968 alikuwa Askofu wa Masasi, kwetu Tanganyika.

Sasa nije Mayfair. Mtaa huu, ulio magharibi kidogo ya Fordsburg, ulikuwa wa Wazungu kwa sheria. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wahindi waliokosa nyumba walianza kuhamia humo kwa majina ya kuazima, wakilipa bei ya nyumba huku hati ikiwa na jina la Mzungu. Mwaka 1982, katika kesi ya mama mmoja wa Kihindi aitwaye Govender, Jaji Richard Goldstone aliamua kwamba mtu aliyevunja sheria ya maeneo hawezi kufukuzwa nyumbani bila ya mahakama kuangalia kama ana mahali pengine pa kwenda. Tangu hapo kufukuza watu kukawa kugumu, lakini hati zikabaki na majina ya kuazima. Usalama wa nyumba ulikuwa katika uhai na uaminifu wa mtu mmoja. Akifa, warithi wake hawakuwa na habari ya mapatano. Akifilisika, wadai wake waliiona nyumba kuwa yake.

Sheria za ubaguzi katika ardhi zilifutwa mwaka 1991. Mwaka 1994 ikapitishwa Sheria ya Kurejesha Haki za Ardhi, iliyowaruhusu walionyang'anywa baada ya tarehe 19 Juni 1913 kudai, na siku ya mwisho ya madai ikawa 31 Desemba 1998. Aliyekuwa na jina lake katika daftari la Msajili alikuwa na pa kuanzia. Aliyejificha nyuma ya jina la mwenzake sheria haikumkataa, lakini ilimbidi atafute karatasi na mashahidi, na mashahidi wa miaka ya 1950 walikuwa wengi wao makaburini.

Ndiyo maana naiogopea hati yetu. Katika sheria ya Afrika Kusini, iliyorithiwa kwa Waholanzi, nyumba haihami kwa kulipa fedha, wala kwa kukabidhi ufunguo, wala kwa kusoma Fatiha mbele ya wazee. Inahama siku Msajili anapoandikisha hati mpya. Kwanza muuzaji na mnunuzi huandikiana mapatano na kutia saini. Sheria ya mwaka 1981 inasema mapatano ya mdomo ya kuuza ardhi hayana nguvu yoyote. Mara nyingi humo hutiwa neno la Kiholanzi, voetstoots, maana yake unaichukua nyumba kama ilivyo na kasoro zake. Kisha wakili wa uhamisho, ambaye kwa desturi huchaguliwa na muuzaji na kulipwa na mnunuzi, hukusanya vyeti: cha mamlaka ya kodi kuonyesha ushuru wa uhamisho umelipwa, cha fundi kuthibitisha usalama wa umeme, na cha manispaa kwamba maji, umeme na kodi ya jengo vya miaka miwili iliyopita havidaiwi. Hiki cha manispaa ndicho huchelewesha mauzo mengi. Zamani mnunuzi aliweza kubebeshwa hata madeni ya kale ya wenye nyumba waliomtangulia. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ilikomesha jambo hilo. Mambo yakienda vizuri kazi yote huchukua miezi miwili au mitatu.

Kwa hiyo anayeweza kuiuza nyumba ya Mayfair ni Baba Mkubwa peke yake. Mkutano wetu hauwezi. Na juu ya kuibomoa: nyumba ilijengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na Sheria ya Urithi wa Taifa ya mwaka 1999, kifungu cha 34, inakataza kubomoa au kubadili jengo lenye umri unaozidi miaka 60 bila ya kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo. Si kila ombi hukataliwa, lakini vijana wetu waliokwisha kuchora ramani ya ghorofa tatu wajue kwamba hatua ya kwanza si kumwita mkandarasi.

Kuna neno ambalo ni zito kulisema mtu akiwa hai, nami nimemwomba Baba Mkubwa ruhusa ya kulisema. Siku atakapoitwa na Mola wake, nyumba itaingia katika mirathi yake. Bila ya wosia itakwenda kwa wake zake na watoto wake kwa sheria ya nchi, inayowatambua pia wake wa ndoa za Kiislamu kutokana na hukumu za mwaka 2004 na 2009. Familia nyingine 10 zilizochanga hazitatajwa popote. Wosia unaweza kuzitaja, na unaweza pia kufuata mafungu ya Kiislamu, mradi uwe umeandikwa, umetiwa saini kila ukurasa, na kushuhudiwa na watu wawili wasiorithi kitu. Lakini wosia hubadilishwa, na wosia hubishaniwa.

Njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni kuandikisha majina ya familia zote 11 katika hati. Ni haki iliyo wazi kuliko zote, ila kila siku ya kuuza au kukopa itatubidi tupate saini 11 kutoka nchi sita, kila moja imeshuhudiwa na nothari au ubalozi, na mmoja akifa tunangojea mirathi yake. Ya pili ni kuunda amana ya familia chini ya sheria ya mwaka 1988, yenye wadhamini watatu au wanne wanaopewa barua ya mamlaka na Msimamizi wa Mahakama Kuu. Hii inakaribia wakfu wa nyumba za kwetu Pwani, na moyo wangu umeelemea huko, ingawa ina gharama: ushuru wa uhamisho utalipwa, mapato ya amana hutozwa kodi kwa asilimia 45, na siku ya kuuza hakuna nafuu ya kodi apewayo mtu aishiye katika nyumba yake. Wakili anasema iwe kwa hati yoyote ile, kwanza yaandikwe majina ya waliochanga na kiasi cha kila mmoja.

Daftari la michango la mwaka 1996 linalo Shangazi wa Tanga, ambaye amekubali kulileta. Mwenye stakabadhi, barua au hundi za wakati ule naomba aje nazo, au amkabidhi anayekuja. Wakili atakuwapo Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Baba Mkubwa ameniambia kwamba yuko tayari kutia saini siku yoyote isiyokuwa Ijumaa.